Msikimbie Operesheni ya Pili

Wanangu waendesha pikipiki, nyinyi wa Buyenzi, Bwiza na Kamenge hapa Bujumbura, leo siwahubirii mwendo. Polisi wamehubiri, mama zenu wamehubiri, hamkusikia. Nasema na yule ambaye ajali imeshamkuta, mfupa wa mguu umechomoza nje na kipande kimepotea. Risasi na gruneti hufanya vivyo hivyo. Wakubwa wenu wanakumbuka machafuko ya 2015, Madaktari Wasio na Mipaka walipofungua kituo cha majeruhi cha L'Arche kule Kigobe.

Mtazameni muuza nyama anapochuna mguu wa mbuzi. Juu ya mfupa mbichi kuna utando mwembamba, mweupe, unaong'ang'ania kisu mpaka ukwanguliwe. Huo ndio unaoulisha mfupa, na ndio wenye chembe zinazozaa mfupa mpya. Ollier, daktari wa Lyon, alilionyesha hilo tangu karne ya 19. Ajali kubwa huuchana, kisha nyama ya pembeni hujipenyeza kwenye pengo upesi kuliko mfupa. Ikishakaa hapo, mfupa hauna pa kupita.

Daktari wa mifupa ana hila yake, iliyoanzishwa na Mfaransa Masquelet miaka ya 1980. Husafisha kidonda, hukaza mguu kwa vyuma, hujaza pengo kwa saruji ya tiba. Mwili ukigusana na kitu hicho kigeni, hukizungushia utando wake wenyewe. Baada ya wiki 6 hadi 8 utando umekomaa, umejaa mishipa ya damu. Hapo, kwenye operesheni ya pili, huchanwa taratibu, saruji ikatolewa, zikaingizwa punje za mfupa uliochotwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, utando ukashonwa tena. Nyama inabaki nje, mfupa unaota ndani.

Wiki hizo za katikati ndizo zinazowashinda. Maumivu yamepungua, kidonda kimefunga, hela zimekwisha, na shangazi anamjua mzee kule milimani anayeunga mifupa kwa kukanda. Simdharau mzee huyo. Ila mguu wenye saruji haukandwi! Na saruji haiungi kitu. Mkitembelea vyuma pekee, vitachoka, vitakatika. Sigara acheni, inabana mishipa hiyo midogo. Hela ya operesheni ya pili anzeni kuitafuta siku mnapotoka ya kwanza.

Na karatasi yenye tarehe mpeni mama aitunze. Nyinyi mtaipoteza.