"Si Mimi, Ni Pombe"

Mtu amempiga mkewe usiku. Asubuhi, wazee wamwulizapo, hujibu: "Wazee wangu, si mimi, ni pombe." Na mara nyingi wazee huguna, wakamwonya kidogo, shauri likaisha. Je, jibu hilo latosha?

Swali hili si geni. Pittacus, aliyetawala mji wa Mitylene katika Uyunani karne ya 6 kabla ya Kristo, aliweka sheria kwamba mlevi akikosa aadhibiwe zaidi kuliko mtu asiyelewa. Naye mwanafalsafa Aristotle, akieleza kwa nini adhabu ya walevi yazidishwa, alisema kwamba chanzo cha kosa kimo ndani ya mtu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kutolewa. Aliyeshika kikombe cha kwanza hakuwa mlevi bado. Alikuwa mtu huru.

Tena tutazame jambo moja. Mlevi huyo akikutana na polisi njiani, ulimi wake hulainika na mikono yake hutulia. Afikapo nyumbani kwa mke asiye na mtetezi, ndipo ngumi zinapoamka. Pombe hiyo yajuaje kuchagua? Ni dhahiri kwamba hiari yake imedhoofika, lakini haikufa.

Hata hivyo tusiwe wakali kupita haki. Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, alieleza jinsi nia iliyopotoka izaavyo tamaa, tamaa ikazaa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yakawa mnyororo. Aliyefungwa hivyo hahesabiwi sawa na yule aanzaye leo. Hata madaktari watuambia kwamba uraibu wa pombe ni ugonjwa. Lakini mgonjwa naye ana wajibu wa kukubali kutibiwa. Asiyeweza kuukata mnyororo peke yake aweza bado kunyosha mkono aombe msaada. Hiyo ndiyo hiari iliyombakia, na juu ya hiyo ataulizwa.

Nasi tutaulizwa: sisi tunaomnunulia kikombe kingine ili tumcheke, na sisi tunaoupokea udhuru wake barazani huku mkewe akisikiliza kimya, uso umevimba. Kumwambia mtu, "Si wewe, ni pombe," ni kumvua utu wake. Kumwambia, "Ni wewe, nawe waweza kuacha," ni kumheshimu, hata kama neno hilo lamchoma.