Inameni Mtazame Tumbo la Gari

Wapendwa wangu mnaopita njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, na ninyi mnaoteremka Loiyangalani juu ya mawe meusi ya volkano, inameni! Inameni leo, gari likiwa bado uani, mtazame tumbo lake. Mnaiona sampu? Bati jembamba, au alumini ya kumimina, ndilo linaloshika oili yote ya injini. Jiwe moja lililochongoka linatosha. Oili inamwagika njiani, dereva anapiga soga, taa nyekundu inawaka bila kutazamwa, na beringi za krenki zinasagika. Mtaisukuma Landcruiser iliyosheheni mpaka wapi?

Mtanijibu, "Sisi tumeshaweka ngao chini ya sampu, fundi alitukatia pipa." Pipa! Pipa la lita 200 lina unene wa milimita 1 hivi. Hiyo ni sufuria, ndugu yangu. Jiwe litaikunja na kuigandamiza kwenye sampu ileile uliyotaka kuilinda. Na wewe unayekata kwa moto pipa lililotiwa petroli, mwogope Mungu! Hata likionekana kavu, mvuke uliobaki ndani hulipuka, na aliyeinama juu yake ni kijana wa watu.

Wako wanaonijia na alumini. Siidharau, maana ina haki yake. Ngao ya mita 1 kwa sentimita 80, ikiwa ya chuma cha milimita 4, ina kilo 25. Ya alumini ya milimita 6 ina kilo 13 tu, na ukakamavu wake haupungui. Haili kutu kama chuma. Lakini ni laini. Chuma kikikutana na jiwe huteleza. Alumini huchimbika, jiwe likaing'ang'ania, nawe ukakwama ukining'inia. Tena alumini ya aina ya 6061 ukiichomelea hupungua nguvu kandokando ya kiungo, na ukiikunja kona kali hupasuka. Kwa ngao ya kukunja, afadhali aina ya 5052. Ukiifunga kwa bolti za chuma halafu ukaishi pwani, chumvi itakula alumini kuzunguka kila tundu. Na siku ikipasuka porini, fundi wa kijijini mwenye jenereta na mashine ya kuchomelea ya stiki atakutazama kwa huruma.

Chuma kisichoshika kutu ni ghali, na kinazidi kuwa kigumu chini ya keekee. Plastiki nzito ya polithini huteleza kuliko vyote, ila huyeyuka kwenye nyuzi 130 na ushei. Iweke mbali na ekzosi au usiiweke.

Basi rudini kwenye chuma cha kawaida! Kile kinachouzwa kila mji, kinachokunjika bila kupasuka, kinachonyooshwa kwa nyundo na kuchomelewa na fundi yeyote. Milimita 4 kwa gari zito, 3 kwa dogo. Msichukue cha mabati kwa kuogopa kutu: kikichomelewa, moshi wa zinki humtia fundi homa usiku kucha. Kipakeni rangi, na kila kikikwaruzwa kipakeni tena.

Kikunjeni pua ya mbele ipande juu, maana mkunjo huongeza ukakamavu bila kuongeza kilo. Kifungeni kwa bolti kwenye chesisi, msikichomelee, la sivyo siku ya kushusha giaboksi mtalia. Toboeni tundu la kumwagia oili na matundu ya kutolea matope. Acheni nafasi kati ya ngao na sampu, vidole viwili viingie. Na kila mkitoka kwenye nyasi kavu, ng'oeni majani yaliyonasa juu ya ngao karibu na ekzosi. Magari yameteketea kwa majani hayohayo.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, chukua boksi la kadibodi na kalamu, lala chini ya gari, uchore umbo la ngao yako. Kisha nenda kwa fundi umwambie milimita 4, au 3 kama gari ni dogo, na ukae palepale mpaka aipime mbele yako.