HAKI ZA MGONJWA NA YANAYOMPASA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akayaumbia dawa, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Mtu alazwapo hospitali huvuliwa nguo zake akavishwa nguo zisizo zake, akapewa kitanda chenye nambari, akaamrishwa ale hiki na aache kile. Aliyekuwa bwana nyumbani kwake huwa kama mtoto mikononi mwa wengine. Hapo ndipo izukapo masala hii: je, mwili ule uliolala kitandani ni wa nani? Ni wa daktari, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye? Ni wa jamaa, kwa kuwa wao ndio walioleta na ndio walipao? Au ni wa mgonjwa mwenyewe, aufanye apendavyo?

Jawabu ya sharia ni kuwa hapana katika hao aliye na milki nao. Mwili ni milki ya Mwenyezi Mungu, na mwanadamu amewekewa amana tu. Na mwenye kuwekewa amana ana mambo mawili yasiyoachana: hapana mtu awezaye kuigusa amana ile bila ya idhini yake, na yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuipoteza. La kwanza ndilo shina la haki za mgonjwa, na la pili ndilo shina la wajibu wake. Atakaye moja akaliacha la pili hakuifahamu amana.

HAKI YA KUTAKWA IDHINI

Wamepokea Bukhari na Muslim kwa Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, kuwa Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake ya mwisho alitiwa dawa kinywani hali ameashiria asitiwe. Waliokuwapo walidhani ni kule kuchukia dawa kwa kila mgonjwa. Alipopata nafuu aliwakemea, akaamrisha kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile mbele ya macho yake, isipokuwa ami yake Abbas, ambaye hakuwapo ilipofanyika. Na wale hawakuwa adui. Walikuwa ahli zake wampendao kuliko nafsi zao. Yafahamika basi ya kuwa mapenzi si idhini, na nia njema si idhini.

Na imepokewa vile vile habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akishikwa na kifafa. Alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka dua. Hakukatiwa shauri na mtu. Alipewa khiari, ama asubiri na malipo yake ni Pepo, ama aombewe apone. Akachagua kusubiri. Kisha akataka jambo moja: aombewe asifunukwe mwili aangukapo, akaombewa. Maskini huyu, asiye na cheo wala kabila la kumtetea, aliulizwa atakalo na akapewa alilochagua.

Hukumu hii haikuachwa katika vitabu vya kale. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilikata kuwa idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu aliyebaleghe ni sharti ya kutibiwa, na asiye na akili au mtoto ataidhiniwa na walii wake, kwa sharti walii aangalie maslahi ya mgonjwa. Ama penye dharura na maisha yamo hatarini, idhini haingojewi. Na katika Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imemlazimisha daktari kumweleza mgonjwa hali yake na matibabu yatakiwayo kwa lugha aifahamuyo. Karatasi iliyotiwa sahihi na mtu asiyejua imeandikwa nini ni wino tu. Idhini haimo ndani yake.

IDHINI YA MWANAMKE NI YA NANI?

Hapa yawapasa wanaume wasikilize sana. Hutokea mwanamke mwenye mimba akafika hospitali na uchungu wake umekwama, daktari akasema hapana budi apasuliwe, na mwanamke mwenyewe ameridhia. Ikasemwa angojewe mume. Mume yuko baharini au yuko safarini, au yuko pale mlangoni lakini asema lazima ashauriane na mama yake na wazee wake. Saa zikapita. Mara nyingine waliokuwa wakishauriana huondoka pale na jeneza moja, na mara nyingine mawili.

Akisema msemaji: mume ni msimamizi wa mke kwa nassi ya Kurani, basi vipi apasuliwe bila ya amri yake? Ataambiwa hivi: usimamizi ni wa kulisha na kulinda, na aliyewekwa kulinda kitu hana haki ya kukiacha kikaangamia. Mke mwenye akili aliyebaleghe ndiye mwenye amana ya mwili wake. Huuza mali yake na kununua bila ya idhini ya mume katika madhehebu ya Imamu Shafi. Yawaje awe na amri juu ya shamba lake la minazi, asiwe nayo juu ya damu yake? Kumshauri mume ni adabu njema na ni katika kuishi kwa wema. Lakini shauri ni kitu kimoja, na kufuli ni kitu kingine.

Na Baraza lile lile lilipokutana Sharjah mwaka 2009 liliitaja operesheni ya kumtoa mtoto tumboni kwa jina lake. Likasema: ikiwa maisha ya mama au ya mtoto yataka operesheni hiyo, na mume au mke au wote wawili wakakataa, kukataa kwao hakutazamwi, na haki ya kuidhinisha itahamia kwa mwenye mamlaka au naibu wake. Tazama mizani hii ilivyo sawa: mume hawezi kumzuia mke kuokolewa, na mke naye hawezi kuipoteza roho ambayo ni amana kwake.

HAKI YA KUTIBIWA NA AJUAYE

Imekuja katika hadithi kuwa mwenye kujitia utabibu naye hakujulikana kuwa na elimu ya tiba, yeye ni mdhamini wa alichokiharibu. Wafalme wa Kiislamu waliifanya kazi hadithi hii. Mwaka 319 wa Hijra, ndio mwaka 931, ilimfikia Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad habari ya mtu mmoja katika watu wa kawaida aliyekufa kwa kosa la tabibu. Akaamrisha asitibu mtu yeyote ila kwa kutahiniwa kwanza na Sinan bin Thabit, na waliotahiniwa katika mji ule walizidi 860. Mtu mmoja asiyejulikana hata jina lake ndiye aliyewaweka matabibu wote wa Baghdad katika mtihani.

Na fakihi wa Kishafi Ibn al-Ukhuwwa, aliyekufa mwaka 729 wa Hijra (1329), ameeleza katika kitabu chake cha kazi za muhtasib namna tabibu apaswavyo kwenda. Amuulize mgonjwa sababu ya maradhi na maumivu ayaonayo, kisha aandike dawa aliyoiamuru, na nakala awape jamaa zake. Akipona, tabibu huchukua ujira wake. Akifa, jamaa huzichukua nakala zile kwa mkubwa wa matabibu azitazame. Akiona hapana uzembe huwaambia ajali yake imefika. Akiona uzembe huwaambia wadai diya. Basi mgonjwa adaiye karatasi zake na kuuliza zilichoandikwa hakuleta ujeuri wala uzushi. Afuata njia waliyoijua Waislamu miaka 700 iliyopita.

HAKI YA SITARA NA SIRI

Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), amejuzisha katika Minhaj kutazama na kugusa kwa haja ya kutibu. Maulamaa walioisherehesha wakaweka mipaka: isizidi kadiri ya haja, mwanamke atibiwe na mwanamke akipatikana, na asipopatikana asiachwe faraghani na tabibu mwanamume. Basi ni haki ya mgonjwa kutaka pazia livutwe, wala si haki yake kukataa kuokolewa kwa kuwa daktari mwanamke hayupo zamu ile. Na siri ya maradhi ni kama uchi: aliyefunuliwa kwa dharura hana ruhusa ya kuitembeza barazani.

YANAYOMPASA MGONJWA

La kwanza ni kusema kweli. Yuko aliyekunywa kombe na mizizi kwa mganga siku kumi, na alipoulizwa na daktari akajibu kuwa hajatumia kitu. Yuko aambiaye kuwa amemeza dawa, nazo ziko chini ya mto. Daktari hujenga juu ya neno la mgonjwa kama mwashi ajengavyo juu ya msingi. Na aliyeficha msingi mbovu asimlaumu mwashi nyumba ikianguka.

La pili ni kujitibu na kutimiza dawa. Mashafi wasema kujitibu ni sunna, wala mwenye kuacha kwa kutawakali hana dhambi. Lakini neno hili halikuachwa bila ya mpaka. Uamuzi ule wa 1992 wasema kujitibu huwa wajibu ikiwa kuacha kutaangamiza nafsi au kiungo, au ikiwa maradhi yatawafikia wengine. Kifua kikuu ni mfano ulio wazi. Dawa zake kwa kawaida ni miezi 6. Mgonjwa huona nafuu mapema, akaacha, na vijidudu vilivyobaki vikazoea dawa. Kisha huwaambukiza watoto alalao nao chumba kimoja maradhi yasiyosikia tena dawa ile. Huyo hakutawakali, amedhuru. Na Mtume (s.a.w.) amekataza kuleta aliye mgonjwa juu ya aliye mzima, na akakataza kutoka katika mji wenye tauni na kuingia ndani yake. Vivyo hivyo mume aliyeambiwa ana maradhi yamfikiayo mke kwa kulala naye, akanyamaza kwa kuona haya, amemfanyia khiyana mkewe. Haya yake haikusitiri ila nafsi yake.

La tatu ni adabu. Wauguzi si watumwa wa mgonjwa, na matusi si dawa. Na jamaa wazuruo wasimshauri aache dawa kwa waliyoyasikia njiani. Imepokewa na Abu Daud habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, naye akawa na janaba. Wenziwe wakamwambia bila ya elimu kuwa hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga akafa, na Mtume (s.a.w.) akakasirika sana juu ya waliofutu pasi na kuuliza.

La nne ni malipo. Mwenye uwezo akicheleweshaye deni ni dhalimu, na atorokaye hospitali usiku na uwezo anao amekula haki ya watu. Ama mwenye dhiki, Kurani imeamuru apewe muhula mpaka apate wasaa. Haifai basi kumzuia kitandani aliyepona, wala kuizuia maiti, kwa ajili ya fedha; mwili hauwekwi rehani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilihukumu hivyo katika shauri la wanawake wawili waliozuiliwa baada ya kuzaa kwa kukosa malipo. Na hapa ndipo ulipo wajibu wa matajiri. Sultani Qalawun alipoijenga hospitali yake Cairo mwaka 683 wa Hijra (1284) aliiwekea wakfu, wakatibiwa humo tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, bila ya kudaiwa. Mji wenye misikiti kumi ya wakfu na usio na wakfu hata mmoja wa kumlipia mgonjwa, na wajitazame wenyewe.

KHITIMISHO

Mwaka 2013 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mkataba wa haki za wagonjwa, nao umezitaja haki na wajibu pamoja. Ni vyema Waislamu wausome, wajue la kudai na la kutimiza. Lakini wao wanayo sababu iliyo kubwa kuliko mkataba. Mkataba huishia mlangoni mwa hospitali. Amana yaulizwa mpaka siku ya Kiyama, na wataulizwa wote: daktari aliyekata bila ya idhini, mume aliyezuia alipotakiwa kuokoa, na mgonjwa aliyeficha kweli akamwambukiza jirani.

Basi kila aingiaye hospitali na aingie na ulimi wa kuuliza na ulimi wa kusema kweli, nao ni ulimi mmoja. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape busara wanaowatibu, na atujaalie kuirudisha amana yake kama apendavyo. Amin.