Elektroni Zikitoka, Zinarudi Vipi?

Wanangu mnaosomea fizikia, kuna swali nililolizima nikiwa mwalimu, na linaniuma mpaka leo. Nilikuwa nafundisha mrija wa televisheni za zamani. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, elektroni zikishagonga kioo, zinarudi kwa njia gani?" Nikamwambia akae, tumechelewa silabasi. Na mrija ulikuwa mezani, mpako wa grafiti unaozirudisha ukionekana, mweusi kama masizi.

Lile lilikuwa swali la watu wazima. Mwaka 1969, huko Wallops Island, Marekani, Wilmot Hess na wenzake walirusha roketi yenye bunduki ya elektroni, wakitaka kuwasha aurora ya kutengeneza kwa mikono yao. Lakini roketi angani haina waya wa ardhi. Kila elektroni inayotoka huiachia roketi chaji chanya, na chaji hiyo huivuta elektroni irudi.

Hebu shikeni kalamu. Chukueni roketi yenye kapasitansi ya pikofaradi 500, mwale wa ampea 0.5, elektroni zikisukumwa kwa volti 10,000. Pigeni hesabu. Mikrosekunde 10 tu, roketi nayo imefika volti 10,000, na mwale umekwama mlangoni. Rudieni hesabu hiyo mpaka iwatie hofu iliyowatia wale mabwana, maana kwa hofu hiyo walibeba utando uliopakwa alumini, uliokusudiwa kukunjuka huko juu hadi upana wa meta 26, ukusanye elektroni za kufidia.

Mwale ulitoka, na kamera za chini zikanasa michirizi ya mwanga. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa mara nyingi roketi hupona hata bila utando mkubwa, kwa kuwa mwale wenyewe hugonga atomi za hewa jirani na kung'oa elektroni nyingine zinazorudi roketini. Msibweteke kwa hilo. Roketi ya MAIMIK, iliyorushwa Andøya, Norwei, mwaka 1985, ilipanda hadi maelfu ya volti.

Kwa hiyo mkichora saketi, mshale wa kurudi uchorwe kabla ya wa kwenda. Mkipewa chombo cha kurusha, tengeni nafasi ya kipimo cha volti ya chombo chenyewe, hata mkiambiwa uzito umezidi. Na mwanafunzi akinyoosha mkono, silabasi isubiri.