Upana wa Leo

Mezani pangu, kando ya Barabara ya Tom Mboya, vitabu vya mtumba vinavyotoka upesi ni vya aina mbili. Kuna vya kumfundisha mtu kutajirika, na kuna kile cha Eckhart Tolle, The Power of Now, kilichochapishwa kwanza huko Kanada mwaka wa 1997. Wanunuzi ni walewale. Mtu huchukua kimoja kimpeleke kesho na kingine kimrudishe leo, kisha anaomba apunguziwe bei kwa kuwa amechukua viwili.

Cha Tolle nimekisoma chote, siku za mvua ambazo hata wanaoulizia bei hawapo. Anasema mateso yetu mengi hutokana na akili kuzurura, mara jana, mara kesho, na kwamba uhai haupo kwingine ila katika dakika hii. Sina ugomvi naye hapo. Lakini mimi nakaa Kawangware, na huko leo si kitu cha kutafutwa kwa kufumba macho. Yenyewe hukutafuta. Mafuta ya kupikia tunanunua ya kupima, ya usiku huohuo. Kina mama wa kufua hutoka alfajiri wakaketi kando ya barabara za Lavington na Kileleshwa, wakingoja kuitwa. Vijana wa mjengo hulipwa jioni, kazi ikiwapo. Mwambie mmoja wao aishi leo, atakuuliza kwani umemwona akiishi lini.

Basi swali langu si namna ya kuirudia leo. Swali ni hili: ikiwa tumaini ni kungojea kijacho, mtu asiyeiona kesho yake hulitoa wapi?

Dini zetu hazikulikimbia. Yesu aliwakataza wafuasi wake kuisumbukia kesho, na Kurani, katika Sura ya Kahf, inamwonya anayesema atafanya jambo kesho bila kuyaweka mapenzi ya Mungu mbele. Wanaolikimbia ni wahubiri wa Bustani ya Jeevanjee, ninaowapita nikienda misa ya mchana Holy Family. Sauti wanazo, jasho wanalo. Ila tumaini lao lote liko mwezi ujao: viza, gari, mchumba. Mwezi ujao ukifika, linasogezwa mbele kama steji ya matatu iliyohamishwa usiku.

Aliyenisaidia ni mtu wa Kitui. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango mwaka wa 1931, alikuwa kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa Makerere alipotoa African Religions and Philosophy mwaka wa 1969. Humo alidai, akitegemea nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, kwamba katika fikra za jadi Mwafrika ana jana ndefu mno, ana leo, na karibu hana kesho. Kinachozidi miaka miwili mbele hakina pa kukaa. Alishambuliwa, na alistahili. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwa ushahidi wa Waakan. Hata mimi ninayemheshimu mzee wetu namuuliza: na mama anayetoa pesa za chama kila Jumamosi ili kitindamimba wake aje kusoma sekondari, huyo tumweke wapi?

Lakini wakosoaji walipita mbio sehemu iliyo nzuri kuliko zote. Kipindi alichokiita Sasa si nukta. Kinabeba yaliyotokea juzi na yanayokaribia, na kinabeba wafu pia. Aliyekufa, kwa maelezo ya Mbiti, haingii Zamani siku ya kuzikwa. Hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, hata vizazi vinne au vitano.

Kutoka mezani pangu hadi Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie ni mwendo mfupi. Hapo, asubuhi ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 hapa mjini, na Jumba la Ufundi lililopakana nao likaporomoka. Chini ya kifusi chake walikuwamo Rose Wanjiku na Sammy Nganga. Hawakuonana, walisikiana tu, wakawa wanasemezana gizani. Nganga alitolewa akiwa hai. Rose, ambaye waokoaji nao walimsikia, hawakumfikia kwa wakati. Wakati huo nilikuwa msichana wa kazi Lavington, na redio ya jikoni haikuzimwa. Mama mwenye nyumba, ambaye hakuwa na kawaida ya kuketi jikoni, aliketi.

Ukilipima tumaini kwa matokeo, utasema la Nganga lilikuwa la kweli na la Rose lilikuwa la bure. Nakataa. Saa zile walikuwa na kitu kimoja: ukiita, kuna anayeitika. Kesho haikuonekana na yeyote kati yao, na bado palikuwa na cha kushika.

Hapo ndipo ninapoachana na Tolle. Leo yake ni ya mtu mmoja aliyetulia. Leo ninayoijua ina watu ndani, na wengine wameshakufa, majina yao yamechongwa ukutani pale ubalozi ulipokuwa. Ni leo ya jirani wa ploti anayegonga mabati usiku kuuliza kama mtoto ameacha kukohoa. Anayeishi ndani ya leo ya namna hiyo halazimiki kuiona kesho ili asikate tamaa.

Padre mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alinibishia. “Mama, hilo unalolisema ni uvumilivu. Tumaini la Mkristo ni ufufuo.”

“Ufufuo naukiri kila Jumapili, Padre,” nikamwambia. “Lakini Maria Magdalena alisimama mbele ya Yesu pale kaburini, akadhani anaongea na mtunza bustani. Alimtambua lini?”

Akanyamaza kidogo. “Alipoitwa jina.”

“Haya.”

Akacheka, akakiokota kitabu cha Mbiti, akakipindua kuangalia gamba lililochanika, akanitajia mia mbili. Tulikubaliana mia tatu na hamsini.