Dawa Iliyokuwa Kabatini

Kuna mzee jirani yetu hapa Kyela, daktari wa watoto mstaafu, ambaye siku hizi kazi yake ni kuanika kakao. Ukimpa shikamoo anaitikia huku anageuza mbegu kwa reki, kofia imemshuka machoni. Watu husema kastaafu na raha zake. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka mwezi uliopita aliponiita: "We kijana, unajua kaka yako nilimtibu mimi?"

Sikujua. Nilichojua ni kwamba kaka alifariki kwa malaria mwaka 2000, mimi sijazaliwa.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayesoma faili. Mwongozo wa wakati ule ulisema klorokwini kwanza. Fansidar ilikuwemo kabatini, ila ilikuwa ya yule ambaye klorokwini imemshinda. Sasa klorokwini ilikuwa imeshachoka, na yeye alikuwa anayaona hayo wodini kila siku. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi walishaiacha tangu 1993! Sisi tuliiacha 2001. Mto mmoja tu, mbu ni wale wale. Basi kaka akapewa klorokwini, akarudishwa nyumbani. Siku ya tatu akaletwa na degedege. Wakamtundikia kwinini, lakini wapi.

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu," mzee alisema. "Nikaheshimu karatasi."

Je, ana hatia? Ni rahisi kusema ndiyo. Lakini waliotunga mwongozo hawakuwa wajinga. Waliogopa kwamba Fansidar ikigawiwa kwa kila homa nayo itachoka upesi, na kweli ilichoka: kufikia 2007 nchi ilikuwa imehamia dawa mseto. Kwa hiyo aliyefunga kabati lile alikuwa anawawekea akiba watoto wa kesho. Na mtoto wa kesho, bwana, ndiye mimi. Nimeugua malaria utotoni sijui mara ngapi, nikapona.

Hapo hoja inanikwama kooni. Kaka hakuulizwa kama anakubali kuwa akiba yangu. Naona daktari wa watoto anatibu mtoto huyu, aliye mapajani mwa mama yake sasa hivi. Hao wa kesho wana watu wao wa kuwahesabu, huko maofisini. Akianza kuwahesabu yeye, huyu wa mapajani anabaki na nani? Haya nayasema mimi ambaye sijawahi kukabidhiwa ufunguo wa kabati lolote.

Miaka zaidi ya ishirini hana zamu, lakini jina la kaka analikumbuka, na kitanda alicholala. Akaniuliza kama namsamehe. Nikanyamaza. Msamaha huo ni wa mama, na mama kila mavuno humpelekea mzee mchele mpya kwa kumshukuru alivyohangaika usiku ule. Habari za kabati hazijui.

"Nimwambie?" akauliza.

Wingu lilikuwa linatanda upande wa ziwa. Nikashika ncha moja ya mkeka, yeye akashika nyingine, tukaanza kuingiza kakao ndani.