Malaria ya Uongo

Ndugu msomaji, swali langu ni fupi. Mtu anaumwa ugonjwa wa kweli. Anamwambia bosi wake ukweli, anafukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni. Anarudi na uongo, anapewa ruhusa, na pole juu yake. Je, dhambi ya uongo ule ni ya nani?

Wengi watajibu upesi kwamba mwongo ni yule aliyeutamka uongo, basi, mjadala umekwisha. Jibu hilo lina usafi wake na wala silidharau. Lakini tulikague kidogo kabla ya kulipitisha, maana maisha ya kazini hayajanyooka kama mstari wa rula.

Mfano ninao. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilifanya kazi kwa mwaka mmoja na ushee katika kiwanda fulani cha vyombo vya plastiki, jina lake halina faida hapa. Zamu ya usiku tulikuwa tukiingia saa moja jioni na kutoka saa moja asubuhi. Idara yetu ilikagua ndoo na kuzifunga. Tulikuwa sita, tukapunguzwa tukabaki wanne, lakini idadi ya ndoo haikupunguzwa hata moja. Kati yetu alikuwepo dada mmoja, mtu mzima mwenye watoto wake, mchapakazi ambaye hakuna aliyewahi kumsema. Polepole akaanza kubadilika. Mchana halali. Moyo unamwenda mbio mashine zinapowashwa. Mikono inatetemeka. Mara mbili tatu alikutwa chooni analia, na ukimwuliza analilia nini, hajui.

Akaenda hospitali. Daktari alimsikiliza, akampa ED ya siku saba, na penye nafasi ya ugonjwa akaandika msongo wa mawazo. Msimamizi aliisoma ile karatasi mbele yetu sote, kisha akacheka. "Mawazo? Kwani mimi sina mawazo? Ingekuwa malaria ningekuelewa." Akamwambia achague mawili, mashine au lango. Dada akachagua mashine, maana watoto hawali karatasi ya daktari.

Hazikupita wiki mbili akaibuka na karatasi nyingine kutoka zahanati moja ya mtaani. Malaria, siku tano. Ilipatikana vipi wanajua yeye na aliyeiandika. Ninachojua ni kwamba ilikubaliwa palepale. Msimamizi yule yule, kwa mdomo ule ule, akasema, "Pole sana dada, malaria siyo mchezo. Nenda kapumzike." Haya sikusimuliwa, nilikuwepo.

Basi tujiulize, malaria ina nini ambacho msongo hauna? Jibu la kwanza ni kwamba malaria ina kipimo. Unatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kijiti, unasubiri dakika chache, mistari ikiwa miwili umekwisha, unapewa dawa mseto. Msongo hauna mistari miwili. Mgonjwa wake anaingia kwa miguu yake, hana homa, hana bandeji, pengine amepaka na mafuta usoni. Ushahidi pekee ni neno lake. Na neno la mtu wa chini, katika sehemu nyingi za kazi, halina uzito mpaka lipigwe muhuri.

Lakini tusidanganyane kwamba msongo ni maneno matupu. Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal huko Kanada, aliandika juu ya panya aliowatesa kwa namna mbalimbali: baridi, majeraha, kuchoshwa kupita kiasi, sumu kidogo kidogo. Mateso yalikuwa tofauti, lakini ndani ya miili yao akakuta mambo yanayofanana, yakiwemo vidonda vya tumbo. Panya, ndugu yangu, hajui kuigiza. Hana likizo anayoitafuta. Kama mwili wa panya unaandika mateso yake ndani bila kuonyesha nje, kwa nini wa binadamu usiandike?

Haya, twende kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri halazimiki kulipa kama mfanyakazi hana cheti cha daktari, na mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini kwa kawaida hana haki ya likizo hiyo ya malipo. Lakini isome uipendavyo, hutakuta imeandikwa kwamba malaria ni ugonjwa wa heshima na msongo ni ugonjwa wa wavivu. Mgawanyo huo tumeuleta wenyewe. Dada yule alikuwa amevuka miezi sita, alikuwa na cheti, kilichoandikwa na daktari. Kwa sheria alikuwa ameshinda. Kwa msimamizi alikuwa ameshindwa. Hapo ndipo ninapoona kwamba sheria inaweza kumpa mtu siku, lakini haiwezi kumpa kuaminiwa.

Sasa nimtetee bosi kidogo, maana hukumu ya upande mmoja siyo hukumu. Bosi atasema hivi: wapo wanaojisingizia. Ni kweli, wapo. Wapo wanaougua kila Jumatatu na kupona Jumanne. Atasema tena kwamba akiruhusu mmoja, kesho watakuja kumi, na ndoo zitafungwa na nani? Naye ana bosi wake, ana hesabu ya kupeleka juu, na akikosea kibarua chake kitaota nyasi. Yote hayo nayakubali. Lakini tazama njia aliyoichukua. Kwa kuogopa mwongo, alimkataa msema kweli, akaja akampokea mwongo kwa mikono miwili. Kama lango lake lilikusudiwa kuwazuia wanaojisingizia, basi limefanya kinyume, kwa kuwa anayejisingizia hawezi kujisingizia msongo, anajua atachekwa. Atachagua malaria, au tumbo, au msiba wa bibi aliyekwisha kuzikwa mara tatu. Anayebaki kupigwa na ule ukali ni mgonjwa mkweli peke yake.

Na sisi tuliobaki kwenye mashine? Tulifunga ndoo zake, migongo ikatuuma, na wapo walionung'unika kwamba dada anadeka. Manung'uniko yale yalikuwa na haki, isipokuwa yalipelekwa anuani isiyo yake. Kilichotuumiza si yeye kulala nyumbani siku tano, ni sita kufanywa wanne. Mzigo ukizidi, punda hawagombani wao kwa wao, wanamtazama aliyeupakia. Binadamu ndiye anayemrukia teke punda mwenzake.

Nimekuwa nikilifikiria neno letu "naumwa". Litazame vizuri. Hatusemi tu "ninaugua". Tunasema naumwa, yaani kuna kitu kinachoniuma, na mimi ni wa kutendwa. Ukimwambia mtu naumwa, swali la pili atakalokuuliza ni "unaumwa na nini?" Lugha yenyewe inatafuta mwumaji. Kwenye malaria mwumaji anajulikana, ni mbu, na mbu hana cheo kiwandani. Bosi anaweza kumlaani mbu bila hasara yoyote. Kwenye msongo, mwumaji mara nyingi ni kazi yenyewe: zamu, idadi, makelele, matusi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutaja ule uchovu wa kuungua kwa kazi kama jambo linalotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa vizuri. Halikuuita ugonjwa, ila limeonyesha chanzo chake ni wapi. Kwa hiyo mtu anapopeleka ED ya msongo, anapeleka taarifa ya ugonjwa na mashitaka kwa pamoja. Na anayeyapokea mashitaka ndiye mshitakiwa. Wahenga walishaliona, kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Ndiyo maana kile kicheko cha msimamizi hakinishangazi tena. Angeikubali karatasi ile, angekubali kwamba watu wanne hawawezi kazi ya watu sita.

Lakini lugha hiyo hiyo inatuhukumu sote. Sisi ni watu wa "pole na kazi". Tunasema hivyo kwa mtu mzima wa afya, hana homa, hajaanguka, amefanya kazi tu. Kwa nini tunampa pole? Kwa sababu wazee wetu walikwisha jua, kabla ya panya wa Montreal, kwamba kazi hata ikiwa ya halali inauma. Sasa inakuwaje mtu anayesema "pole na kazi" asubuhi, jioni yake anashangaa kusikia kwamba kazi imemwumiza mtu?

Wengine watasema haya ni mambo ya siku hizi, ya vijana wa kudeka, zamani watu walichapa kazi wakanyamaza. Jamani, zamani ipi? Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulipotoka, ibara ya 15 ilikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi walioisoma ibara hiyo hawakuiweka kabatini. Katika miaka ile ya mwanzo ya sabini, viwanda kadhaa vya Dar es Salaam viliingia katika migomo, na pengine mameneja walifungiwa nje ya malango. Hawakugomea mshahara tu. Waligomea kutukanwa na kudharauliwa. Kwa hiyo babu zetu hawakunyamaza hata kidogo. Walijua kwamba dharau nayo ni jeraha, ingawa haitoki damu.

Turudi basi kwenye swali letu. Je, dada alifanya vibaya kusema ana malaria? Nikisema hapana, nitakuwa nimeufanya uongo kuwa dawa. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimekaa upande wa aliyemcheka. Ninavyoona mimi, uongo ule una wazazi wawili. Dada aliuzaa, lakini msimamizi ndiye aliyeutia mimba siku aliposema "ingekuwa malaria ningekuelewa." Alimfundisha maneno ya kusema, kisha akamlipa alipoyasema. Mwenye kununua uongo kwa siku tano na kukataa ukweli wa siku saba hawezi kulalamika kwamba sokoni kumejaa uongo.

Hata hivyo siushangilii uongo ule, na sababu yangu si ya mimbari. Ni kwamba ulimgeuka mwenyewe. Siku tano zilikwisha, akarudi kwenye mashine ile ile, watu wanne wale wale, ndoo zile zile. Ugonjwa wake haukutibiwa, kwa kuwa kwenye karatasi haukuwepo. Mwezi wa tatu aliacha kazi. Kwenye kitabu cha ofisi imeandikwa ameacha kwa hiari. Hiari! Sheria yetu inatambua kwamba mtu akiacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya isivumilike tena, huko kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa, na anaweza kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Lakini angeonyesha nini? Faili lake lilisema malaria. Cheti cha kweli kilirudishwa mkononi kwa kicheko, hakikugongwa muhuri wa kupokelewa, hakikuingia popote. Hilo ndilo deni la uongo wa mnyonge: unamvusha leo, na kesho unakuwa shahidi wa mpinzani wake. Na si yeye tu. Atakayeumwa msongo baada yake atakuta ofisi inasema, "Hapa hatujawahi kuwa na ugonjwa huo, watu wetu huumwa malaria."

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka duniani, hasara ya dola trilioni 1. Hizo ndizo zilizohesabika. Malaria za uongo ziko hesabu gani?

Msimamo wangu ni huu. Anayeumwa na aseme anachoumwa, lakini asiseme peke yake. Cheti kipelekwe kwa maandishi, nakala ibaki mkononi, imesainiwa na aliyepokea, na mwenzako wa mashine ya pili awe anajua. Tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo lisiamke siku ya Mei Mosi tu kugawa fulana. Ukweli wa mtu mmoja unachekwa, ukweli wa watu wanne wenye nakala hauchekwi kirahisi. Na wewe bosi, sikuombi umwamini kila anayelia. Nakuomba jambo dogo zaidi: unapoletewa karatasi usiyoipenda, kabla hujamwuliza mgonjwa kama kweli anaumwa, ihesabu kwanza idara yake. Ukikuta wanne wanabeba ya sita, hapo tayari una kipimo chako, na mistari yake ni miwili.